Naomba ushauri: chati ya tarehe za Uislamu kuingia pwani

Wakuu, salaam. Naandaa chati ya ukutani ya kidato cha kwanza kuhusu Uislamu kufika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya Wareno. Swali langu ni ushahidi upi utangulie.

Maandishi ya Kikufi (mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu) kwenye msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, yanataja Dhulqaada 500 Hijria. Ukijumlisha 622 kienyeji unapata 1122, na hapo ndipo wengi wanapotea, maana mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kama 11. Zidisha 500 kwa 0.97, ongeza 621.6: unapata 1106 na ushei. Mwaka huo ulianza Septemba 1106, na Dhulqaada ni mwezi wa 11, kwa hiyo ni 1107. Hilo halina utata. Ila sehemu kubwa ya jengo ni ya karne ya 18, kwa hiyo picha ya msikiti mzima itapotosha. Afadhali kibla na maandishi yake tu.

Kigugumizi kipo Shanga, magofu ya mji wa kale kisiwani Pate, Lamu. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe, wachimbaji walikuta mashimo ya nguzo za msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Ni wa zamani zaidi, lakini hauna tarehe iliyoandikwa. Umri wake unatokana na tabaka za udongo na vigae.

Je, Shanga itangulie kwa alama ya "takriban"? Na masimulizi ya majahazi saba ya Washirazi (wanaosemekana kuja pwani kutoka Shiraz, Uajemi), niyaweke kwenye mstari wa miaka au kisanduku cha pembeni kama mapokeo?