Manesi wa shule za bweni, binti anayejikata mnamsaidiaje?

sista_bweni: Habari zenu wadau. Mimi ni nesi wa sekondari ya bweni ya wasichana huku kanda ya ziwa, dispensari niko peke yangu. Chuoni wodi ya akili tulipita ila wagonjwa walikuwa watu wazima, kuongea na binti wa miaka 15 hakuna aliyetufundisha. Sasa nina mmoja wa fomu tuu anakuja karibu kila jioni kabla ya prepo, mara kichwa mara tumbo, napima malaria hakuna, mkojo safi, nampa panado anarudi bwenini. Juzi nataka kumpima presha akagoma kukunja sweta, alipokunja nikaona michano ya wembe imepangana, mingine bado mibichi. Akaniambia sista naomba usimwambie mtu. Uongozi nikigusia mambo haya wanasema ni mapepo au anatafuta ruhusa ya kwenda nyumbani. Naanzia wapi jamani?

Nesi Dodoma: Pole sista. Muulize wazi kama anawaza kufa, kumuuliza hakumpi wazo, wengi wanapumua tu wakiulizwa. PHQ-9 (dodoso la kupima sonona) ya Kiswahili ipo, maswali 9, lile la mwisho ndo la kufa na kujiumiza, akijibu chochote zaidi ya "hapana kabisa" usimwache peke yake, siku hiyohiyo hospitali.

ticha_malezi: Siri yote usimuahidi dada. Mwambie nitamwambia fulani tu, kwa sababu hii. Na kwenye kikao cha walimu jina usilitaje kabisa, nimeona mtoto anasemwa paredi baada ya hapo, akaacha kabisa kuja dispensari.

sista_bweni: Asanteni sana. Mkuu wa shule akikataa asitoke je?

Nesi Dodoma: Mtafute mratibu wa afya ya akili wa wilaya, uandike rufaa ya maandishi kabisa, kwa mdomo watakuzungusha. Pia simu ya msaada kwa watoto, namba 116, ni bure, hata wewe unaweza kupiga.

sista_bweni: Na mzazi nimpigie leo?

mama_wawili: Muulize binti kwanza nyumbani anamwamini nani. Wengine wanaumizwa hukohuko, ukikurupuka kumpigia baba unaweza kuwa umemrudisha kwa anayemuumiza. Kama ni shangazi au bibi, anza na huyo.