Shule "maalumu ya lugha za kigeni" inayokata vipindi vya lugha mwaka wa mwisho: huu si utapeli?

Wakuu, nimekuja na hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Mwanangu anasoma sekondari ambayo langoni, kwenye fomu ya kujiunga, hadi kwenye sweta la wanafunzi, imejitangaza kuwa shule maalumu ya lugha za kigeni. Alichagua Kijapani. Sasa kaja na ratiba ya mwaka wa mwisho: Kijapani kimebakiziwa vipindi viwili kwa wiki, vilivyobaki vyote wamepewa watu wa hisabati na fizikia. Nikampigia mwalimu wa taaluma. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mzazi, mwaka huu tunaangalia matokeo."

Matokeo ya nini? Si mlimfanyia usaili wa lugha ndipo mkampokea? Si kwa sababu ya lugha ada yenu imepanda kuliko ya shule ya jirani?

Hebu tupige hesabu, maana wao wanategemea kwamba wazazi hatupigi. Vipindi vitano vya dakika 40 ni saa 3 na dakika 20 kwa wiki. Kwa wiki 36 za masomo ni saa 120 kwa mwaka. Miaka miwili, saa 240. Mwaka wa mwisho kwa vipindi viwili, saa 48. Jumla 288, na hapo nimewasamehe siku za michezo, mahafali na mwalimu kuumwa. Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani inakadiria saa 2,200 za darasani kwa mzungumzaji wa Kiingereza kukimudu Kijapani kikazi. Kichina, Kiarabu na Kikorea wameviweka kundi hilohilo. Hao ni watu wazima wanaolipwa mshahara kwa kusoma, katika vikundi vidogo. Kipeperushi cha shule kinaahidi kwamba mtoto atatoka "na umahiri kamili". Kwa saa 288!

Halafu darasa lina watoto 45. Kipindi cha dakika 40. Hata mwalimu akinyamaza mwanzo hadi mwisho, kila mtoto hapati hata dakika moja ya kufungua mdomo. Simlaumu mwalimu wa Kijapani, maskini, naye ni wa kuhurumiwa.

Kinachonichefua zaidi ni vile vyeti vilivyotundikwa ofisini kwa mkuu wa shule. Ni vya JLPT, ule mtihani wa Kijapani wenye ngazi tano, N5 hadi N1. Mtihani wenyewe una msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza, yote ya kuchagua jibu. Hauna sehemu ya kuzungumza wala ya kuandika insha. Ni mtihani halali, sina ugomvi nao, ila shule inautumia kuwaonyesha wageni kwamba watoto "wanaongea". Alipokuja mgeni kutoka Japani, aliyesalimiana naye kwa Kijapani ni mwalimu peke yake. Watoto waliimba.

Na msiniambie ni shule hii tu. Korea Kusini wana shule za namna hii tangu 1984, na lawama dhidi yao ni hiyohiyo kwa miaka mingi: zimegeuka ngazi ya kupandia vyuo vikuu vikubwa, na wahitimu wengi wanakwenda kusomea mambo yasiyohusiana na lugha waliyochukulia nafasi. Mwaka 2019 serikali ikatangaza kwamba ifikapo 2025 zitakuwa shule za kawaida. Mwaka 2024 serikali iliyofuata ikafuta mpango huo. Yaani hata huko wameshindwa kukubaliana shule hizi ni za nini.

China walipoanzisha kundi la shule zao za lugha za kigeni mwaka 1963, walijua wanachotaka: wanadiplomasia na wakalimani. Yang Jiechi, aliyekuwa waziri wao wa mambo ya nje kuanzia 2007 hadi 2013, alisoma katika shule ya aina hiyo Shanghai. Mtu anaweza kubishana na mfumo wao, lakini lugha haikuwa chambo.

Kuna mtu atakuja hapa kusema mtoto anahitaji hisabati. Nani kakataa? Kama lengo ni hisabati, kuna shule za sayansi, tungempeleka huko. Au bakini na lugha kwa kiwango cha kawaida, mfute neno "maalumu" langoni na mshushe ada. Mimi sitalalamika tena.

Nimeandika barua kwa bodi ya shule nikidai mambo mawili: vipindi vya Kijapani virudi vitano hadi mwisho, na darasa ligawanywe mara mbili kwa vipindi vya mazungumzo. Vinginevyo wanirudishie nyongeza ya ada ya mwaka huu. Hadi sasa nimejibiwa kwamba barua "imepokelewa".

Wenye watoto kwenye shule za namna hii, wekeni hapa: mwaka wa mwisho lugha mmebakiziwa vipindi vingapi? Nataka kwenda na orodha kwenye kikao cha wazazi. Walimu wa lugha nao karibuni, hata kwa majina ya bandia.