Kufunga retikali ya kupimia ndani ya lenzi ya macho ya hadubini

Mpimaji_Temeke:
Habari za kazi, ndugu zangu. Hadubini ya maabara yetu ina lenzi za macho za mara 10, na tumepata retikali ya kioo yenye mstari wa milimita 10 uliogawanywa visehemu 100. Tunaihitaji hasa kwa sampuli za choo, kwa kuwa sisti (vifuko vidogo vyenye ganda) za kimelea cha tumboni Entamoeba hartmanni kwa kawaida hazifiki mikromita 10, ilhali za Entamoeba histolytica huwa kati ya 10 na 20, na kwa kukadiria kwa macho ni rahisi kuzichanganya. Kwa jinsi kioo kilivyokaa sasa, tarakimu zinasomeka kinyume na mistari ina ukungu. Je, kinatakiwa kukaa wapi, na je, ni sahihi kuhesabu kila kisehemu kuwa mikromita 100?

FundiLenzi:
Ndugu Mpimaji, dalili zote mbili huenda zina chanzo kimoja, yaani kioo kimegeuzwa. Ndani ya lenzi ya macho mna pete nyembamba, diaframu, ambayo ndiyo inayokata ule ukingo mkali wa duara unaloliona unapochungulia, na taswira inayotoka kwenye lenzi ya chini, ile iliyo karibu na sampuli, hujengeka papo hapo. Mistari ikilala kwenye usawa huo itaonekana wazi pamoja na sampuli, lakini kioo kikigeuka, mistari husogea kwa kiasi cha unene wa kioo na tarakimu nazo hupinduka.

Chomoa lenzi, ipindue juu ya kitambaa safi, fungua bomba la chini, kisha utoe pete ya kushikilia kama ipo. Upande ambao tarakimu zinasomeka sawasawa ndio unaopaswa kuelekea jicho. Katika lenzi nyingi za zamani diaframu iko katikati ya lenzi mbili, hivyo huna budi kufungulia juu. Pima kipenyo cha ndani kwa kalipa kabla ya kulazimisha chochote, kwani retikali huuzwa kwa vipenyo mbalimbali, kama vile milimita 19, 21 na 24, na kioo kidogo kuliko nafasi yake kitachezacheza. Gundi usiiguse kabisa.

Bi_Maabara:
Naongeza jambo moja: zima feni kabla ya kufungua. Vumbi likitua kwenye kioo hicho litaonekana wazi kama mistari yenyewe, na utalitazama katika kila slaidi. Shika kioo kwa kingo tu, na vumbi ulipulize kwa kipira cha kupulizia kama kile wanachotumia mafundi simu wa Kariakoo, wala si kwa mdomo, maana mate ni balaa jingine. Kwa unyevunyevu wetu wa Dar, hifadhi lenzi pamoja na vifuko vya silika ili ukungu usiote.

Mzee_wa_Vipimo:
Kuhusu mikromita 100, jibu ni hapana. Kisehemu hicho ni milimita 0.1 kwenye kioo chenyewe, lakini taswira inayofika hapo imekwisha kuzwa na lenzi ya chini. Kwa lenzi ya mara 40, kisehemu huwa karibu mikromita 2.5, na kwa ya mara 100 huwa karibu 1, ingawa hesabu hiyo ya karatasi haitoshi. Tafuta slaidi ya vipimo yenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100, ulinganishe sifuri na sifuri, kisha utafute mbali iwezekanavyo mahali ambapo mistari inakutana tena. Ikiwa visehemu 80 vya retikali vinalingana na 20 vya slaidi, yaani mikromita 200, kila kimoja ni 2.5, na sisti inayochukua visehemu 5 ina mikromita 12.5. Rudia kwa kila lenzi ya chini, na uandike majibu kwenye karatasi ubandike ubavuni mwa hadubini. Hata hivyo, ukubwa pekee hautakutenganishia histolytica na Entamoeba dispar, kimelea kingine kinachofanana nayo.

Mpimaji_Temeke:
Nashukuru sana, wakuu. Je, retikali niifunge kwenye lenzi ya macho ya kulia au ya kushoto?

Mzee_wa_Vipimo:
Ifunge kwenye ile yenye pete ya kurekebisha jicho. Kwanza zungusha pete hiyo hadi mistari iwe mikali bila kuweka slaidi, kisha ndipo utafute sampuli kwa skrubu za kawaida.