Klachi na breki, difrenshiali au haidrostatiki: nichukue buldoza ipi?

Mshale77: Wakuu habari za humu. Nataka kuchukua buldoza mtumba, nimeonyeshwa tatu. Moja inakata kona kwa klachi na breki, ya pili difrenshiali, ya tatu haidrostatiki. Muuzaji anasema zote nzima. Ipi haitanitesa?

FundiGrisi: Zote nzima, haha. Mkuu, kazi gani? Kusukuma udongo, visiki au kusawazisha? Zimekula masaa mangapi? Opareta ni wewe au umeajiri?

Cheni_Kavu: Mimi difrenshiali, nimemaliza. Kwenye klachi na breki ukivuta kushoto umeikatia nguvu cheni ya kushoto (ule mkanda wa chuma inaotembelea), imebaki ya kulia inasukuma mzigo peke yake, bledi, lile bamba la mbele la kusukumia udongo, ikijaa kona inakushinda. Difrenshiali kuna pampu inazungusha mota ya haidroliki, mota inaingia kwenye gia za planetari, cheni moja inaongezwa mwendo na nyingine inapunguzwa kiasi kilekile, zote bado zinavuta. Komatsu wanaiita HSS. D6R ya Caterpillar ilitoka na aina zote mbili, kwa hiyo ukiambiwa ni D6R bado uliza stelingi ipi.

Opareta_Mzee: Vijana mnapenda mota. Klachi ni pleti tu, zikiisha unabadilisha unaendelea. Ila mteremko uujue, ukishuka ukavuta klachi ya kushoto bila kugusa breki, cheni ya kushoto inakimbia na mashine inageuka KULIA. Nimeshaona mwanafunzi anaruka chini kwa hilo.

MamaMitambo: Haidrostatiki ni tamu kuendesha, kila cheni ina pampu yake na mota yake, moja inaenda mbele nyingine nyuma mashine inazunguka palepale. Ila yangu ilinitoa machozi. Ilianza kuvutia kulia, kumbe mota ya kulia imechoka, fundi akafunga mota nyingine akawasha siku ileile. Hakusafisha mabomba, hakupasua filta kuangalia kuna nini ndani, na ule mzunguko umefungwa, oili inatoka kwenye mota inarudi moja kwa moja kwenye pampu, yaani vyuma vya mota ya zamani vilikuwa bado vinaogelea humo. Haikumaliza wiki, pampu ikafa. Halafu ikagoma kuvutwa, maana breki zinafungwa na springi na kuachiwa na presha ya oili, injini ikizima zimekaza. Tulishinda pale na jua mpaka akapatikana mtu anayejua kuachia breki na kufungua bypass, ile vali inayoruhusu oili ipite bila kupita kwenye pampu.

Cheni_Kavu: Hilo ni kosa la fundi, si la mashine.

MamaMitambo: Sawa, ila gharama nililipa mimi siyo fundi.

Juma_Bomba: Samahani natoka nje ya mada, ekskaveta nayo ni hivyohivyo?

FundiGrisi: Hapana. Ina mota kila cheni sawa, lakini pampu ziko juu na nyumba inazunguka, kwa hiyo oili inashuka kupitia swiveli ya katikati, kiungo kinachopitisha oili huku kinazunguka. Sili za swiveli zikiisha cheni moja inalegea, mtu anaenda kununua mota bure.

Opareta_Mzee: Na wengi wameliwa hapo.

FundiGrisi: Mshale77 uko wapi? Jibu maswali.

Mshale77: Nipo wakuu. Kazi ni visiki, sehemu yenye tope. Masaa sijui, ya difrenshiali mita imekufa.

Opareta_Mzee: Imekufa au imeuawa?

MamaMitambo: Na hizo nyingine mbili?

Mshale77: Nazo.