Onyesho la mtu mmoja kuhusu mhamiaji: watu wanacheka lafudhi tu, nifanyeje?

peke_yangu_steji
Wakuu habari zenu. Nina onyesho la vichekesho, niko peke yangu steji mwanzo mwisho, linahusu jamaa anayehama kwao kwenda kuanza maisha nchi ya watu, kuanzia anapofunga mabegi mpaka anapata chumba na kazi. Nimeshalifanya mbele ya watu mara tatu na kucheka wanacheka, shida wanacheka zaidi pale jamaa anapoongea lugha ya ugenini kwa kukosea, akitamka neno vibaya ukumbi unalipuka, halafu mi nikishuka sina raha kabisa maana huyo mhusika nimemchota kwa baba yangu mdogo ambaye namheshimu sana, sitaki watu waende nyumbani wakikumbuka tu kwamba alikosea kutamka. Nikiitoa lafudhi onyesho linapoa.

La pili kuna sehemu ya jamaa na ofisa uhamiaji wanajibizana, wote ni mimi, na watu wameniambia walipotea hawajui nani anaongea. Halafu linaenda dakika 85. Waliowahi kufanya kazi ya hivi naomba msaada.

kiti_kimoja
Mkuu lafudhi usiitupe, ihamishe. Hebu fikiria kichwani kwa jamaa mwenyewe, yeye hasikii anakosea, yeye ana akili zake na maneno yake yote, wanaopiga kelele zisizoeleweka ni wale wenyeji. Kwa hiyo mpe jamaa lugha safi kabisa, ile ile ya watazamaji, aongee kwa ufasaha hata kuliko wao, halafu ofisa ndo aongee lugha ya kubuni, milio tu ya puani na kooni, katikati unachomeka neno moja linaloeleweka, "fomu". Sasa ukumbi mzima uko kwenye foleni na jamaa, hawaelewi kama yeye asivyoelewa, wakicheka wanacheka wakiwa upande wake.

Na angalia Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu za zamani, kwenye The Immigrant ya mwaka 1917, filamu haina sauti kwa hiyo hakuna lafudhi ya kuchekea hata kidogo. Abiria wanaiona Sanamu ya Uhuru kwa mbali, wanaitazama kwa matumaini, hapo hapo wanazungushiwa kamba kama mifugo, halafu Chaplin anamtandika ofisa teke la nyuma. Anayechekwa ni yule mwenye mamlaka. Mi naona hapo ndo pa kuanzia, ukishajua kicheko kinamwangukia nani nusu ya skripti inajirekebisha.

fundi_taa
Mimi nakaa nyuma kwenye taa, maonyesho ya mtu mmoja nimeyaona mengi, nijibu la ofisa.

Acha kukimbia kushoto kulia, watu shingo zinawauma. Simama palepale, geuza nyayo kidogo tu. Jamaa amesimama mbele ya kioo cha dirisha la ofisa, anainama ili mdomo ufike kwenye kale katundu, kwa hiyo mgongo wake umepinda na macho yanatazama chini. Ofisa kakaa, mgongo umenyooka, macho yako kwenye karatasi na anayainua mara moja tu baada ya kuuliza. Halafu pasi ya kusafiria, hii ndo itakuokoa: ikiwa mkono wa kulia wewe ni jamaa, ikihamia kushoto wewe ni ofisa. Kidole gumba cha ofisa kinafunua kurasa taratibu, kinarudi nyuma ukurasa mmoja, kinatulia. Hapo hujasema neno na watu wameshajua nani ana nguvu. Mwili utangulie, sauti ifuate, ukifanya kinyume ndo wanapotea.

Na usimwombe mtu wa taa abadilishe rangi kila mhusika, kama bila taa hueleweki basi bado mazoezi. Mwigizaji Sarah Jones kwenye Bridge & Tunnel alicheza kundi zima la wahamiaji wa Queens, New York, peke yake, onyesho likafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za huko, na mwaka 2006 akapewa tuzo maalumu ya Tony, ile ya maonyesho ya jukwaani, tena kwa kubadilisha vitu vidogo tu mwilini.

niliyehama
Nakubaliana na waliotangulia ila kiti_kimoja sikubali kwamba lafudhi ifichwe moja kwa moja. Mi nimehama kweli. Kwenye foleni nilikuwa narudia sentensi yangu moja kimoyomoyo, nimeishika vizuri mno, nimefika dirishani nikaulizwa kitu kingine kabisa na mi nikajibu ile ile niliyoikariri. Barua yangu nilikuwa nimeikunja na kuikunjua mara nyingi mpaka mkunjo ukachanika juu ya tarehe ya kuzaliwa, basi nimeishika vidole viwili pale pale pasionekane. Yaani vitu kama hivyo ndo vinachekesha na vinauma kwa pamoja, lafudhi haina kazi hapo. Bakiza sentensi moja tu yenye lafudhi, moja, mwishoni huko wakishampenda.

Na urefu, kata. Edinburgh Fringe, lile tamasha la Scotland lililoanza 1947, haya maonyesho yamejaa na mengi ni kama saa moja tu.

peke_yangu_steji
Nimerudi wakuu. Jana nimejaribu sebuleni mbele ya watu sita. Pasi kushoto kulia imefanya kazi, hakuna aliyepotea. Lugha ya kubuni mwanzoni walikaa kimya nikaogopa, ila ofisa aliporudia swali lile lile kwa sauti kubwa zaidi, eti ndo litaeleweka, walicheka mpaka nikasubiri. Kidole gumba nacho wakacheka. Nikaweka sentensi moja ya lafudhi mwishoni, jamaa anampigia simu mwenye nyumba anasema "mimi naitwa" na jina lake kamili, polepole. Hakuna aliyecheka, na mama mmoja akaitikia kwa sauti ndogo kama vile yeye ndo kapigiwa. Nimemwalika baba mdogo onyesho lijalo.

Dakika bado ni 74 lakini. Nikate wapi, mabegi au ndege?

niliyehama
Ndege. Mabegi yaache.