Paka kazaa watano ndani ya kabati, mwenye nyumba hataki kuwaona, nifanyeje?

Dada_wa_Tabata

Wakuu habari za saa hizi. Nina paka wangu jike anaitwa Chausiku, nilimwokota mwaka jana karibu na genge la mboga, sijawahi kumpeleka popote zaidi ya kumpa dawa ya minyoo mara moja. Nilimwona ananenepa nikajua ni dagaa, kumbe mwenzangu ana yake. Juzi Jumanne usiku nasikia vilio kabatini, kufungua nakuta watano wamelala juu ya kitenge cha harusi ya mdogo wangu ambacho hata fundi hajakiona. Wawili weusi tii, mmoja wa njano, mmoja rangi tatu, mmoja kafanana na mama yake.

Shida ni kwamba nimepanga, uwani tuko wapangaji sita, na mama mwenye nyumba kasema paka mmoja alimvumilia kwa sababu ya panya ila sita hapana, kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Jirani yangu kajitolea eti awatie kwenye kiroba awapeleke sokoni, roho imekataa kabisa. Naweza kuwagawa sasa hivi? Niwape maziwa ya ng'ombe? Na watu wa kuwachukua ambao hawatawatesa nawapata wapi? Wa kunicheka nao karibuni ila acheni na ushauri.

Mzee_Kipara

Mambo ya kuhangaika na paka siku hizi 😂 Peleka soko la samaki Feri waache pale, samaki wamejaa, watakula vizuri kuliko wewe. Mimi nimeshapeleka mara tatu na maisha yanaendelea.

BintiPangani

Mzee Kipara shikamoo, ila hao wa siku tatu Feri watakula nini na hata macho hawajafungua? Wanafungua kuanzia wiki ya kwanza mpaka ya pili, na mpaka wafike wiki tatu nne hata haja hawawezi wenyewe, mama anawalamba ndipo inatoka. Ukiwaacha Feri ni umewaua tu ila hukutaka kuona. Tusijifanye hatuijui hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka asimlishe wala asimwache ajitafutie.

Dada, usiwagawe sasa. Paka naye ana arobaini yake, tena yake ni ndefu, wiki nane kamili ndipo mtoto aondoke, ukiweza kumi ni bora zaidi. Mtoto anayetolewa wiki ya nne utaletewa simu kila siku, mara anahara, mara anang'ata watu, mara analia usiku kucha, mwisho anatupwa.

Maziwa ya ng'ombe acha, yanawaharisha, na kitoto kikihara siku moja tu maji yanaisha mwilini kinakufa. Mama yao yupo na ananyonyesha, we mlishe MAMA. Mara mbili au tatu ya alivyokuwa anakula zamani. Dagaa waoshe kwanza mchanga na chumvi vitoke, utumbo wa kuku, vichwa vya samaki vilivyochemshwa ukatoa miba, maini kidogo siku mojamoja. Ugali mtupu na mchuzi si chakula cha paka, yule ni mla nyama hata tukimbembeleza vipi. Na maji safi muda wote.

Watafutie boksi, weka nguo kuukuu, liweke pembeni pasipo na watu wengi. Watoto wa uwani wasije kuchungulia kila saa, mama akiona fujo anawahamisha kwa mdomo na utawakuta juu ya dari ya watu. Ila hiyo ya kwamba ukiwashika mama anawala ni maneno tu, washike kwa mikono misafi, tena kuanzia wiki ya pili wazoeshe kushikwa kila siku, paka asiyezoea mtu akiwa mdogo hazoei tena kirahisi. Kapime kila jioni kwenye mizani ya dukani: wanazaliwa na gramu mia hivi na wanatakiwa waongeze gramu kumi na kitu kwa siku. Asiyeongeza ndiyo wa kumwangalia.

Wiki ya nne anza kuwapa chakula kilichosagwa laini, na beseni la mchanga wajifunze choo. Hilo la choo ndilo litakalowapatia nyumba.

Ndugu_Mpangaji

We ongea na mama mwenye nyumba tu, usimwambie "nawapenda", haitasaidia. Mwambie tarehe. Andika kabisa kwenye kalenda yake wiki nane inaangukia lini, mwambie sitazidisha hata siku moja, na harufu akiisikia mara moja uhame wewe. Wenye nyumba wanaogopa jambo lisilo na mwisho kuliko wanavyoogopa paka.

nyau_wa_Nairobi

Mimi niko Nairobi, nimeshatafutia vitoto nyumba mara kadhaa hapa kwa ploti, so nikwambie ya watu. Usibandike tu "paka wa bure". Kitu cha bure kila mtu anataka na hakuna anayekithamini. Anza na wenye shida ya panya: mwenye duka la nafaka, mashine ya kusaga, stoo ya magodoro, jikoni kwa mama ntilie. Lakini uliza swali moja kabla ya yote, unaweka sumu ya panya? Akisema ndiyo mwambie achague moja, juu paka akila panya mwenye sumu ataenda naye.

Wale weusi wawili uwe makini sana. Kuna watakaowakataa wakisema ni majini, hao hawana shida, shida ni yule atakayekupigia akitaka MWEUSI tu, hajali jike au dume, hajali umri, na anataka leo usiku. Huyo usimpe, na usimweleze sababu. Mimi huwa napeleka kitoto mwenyewe mpaka kwa mtu, naona anakaa wapi, na namwambia akishindwa anirudishie mimi asimtupe. Wengine huchukia, hao ndio sitaki wakae na paka.

Kujua jinsia, inua mkia: nukta mbili zimeachana ni dume, zimekaribiana na ya chini ni kama mstari mdogo, ni jike. Huyo wa rangi tatu karibu hakika ni jike. Halafu usishangae rangi zote hizo, mimba moja ya paka inaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja 😅 Na kama uko huku Kenya jaribu pia KSPCA, shirika la kutetea wanyama, kule Karen, piga simu kwanza.

Mzee_Kipara

Baba zaidi ya mmoja?? Haya Chausiku.

Fundi_Mifugo

Mmeongea vizuri ila mmesahau kubwa. Chausiku mwenyewe! Paka anayenyonyesha anaweza kuingia joto tena wiki chache tu baada ya kuzaa, na mimba yake ni miezi miwili, kwa hiyo siku unamkabidhi mtu kitoto cha mwisho unaweza ukawa unapokea wengine watano. Kuanzia sasa usiku mfungie ndani, mashume ya mtaa yanajua nyumba yako ilipo. Watoto wakiacha kunyonya na maziwa yakikauka mpeleke akafungwe kizazi, daktari wa mifugo wa wilaya atakuelekeza, ukiwa upande wa Morogoro kuna hospitali ya wanyama pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine. Jike ni ghali kuliko dume maana anafunguliwa tumbo, anza kuweka akiba leo. Na hakuna ukweli kwamba lazima azae mara moja kwanza.

Vitoto dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, kila baada ya wiki mbili, ya maji, kwa uzito, usikadirie kwa macho. Viroboto vitoe kwa chanuo na maji ya vuguvugu, dawa ya viroboto ya mbwa USIGUSE, nyingi zina permethrini na hiyo inaua paka. Panadol pia inaua paka, hata nusu kidonge. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni wakifikisha miezi mitatu, mwambie kila anayechukua, na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, baadhi ya halmashauri huchanja mbwa na paka.

Dada_wa_Tabata

Jamani asanteni sana. Mama mwenye nyumba nimempelekea kalenda, kaguna, kachukua peni akazungushia tarehe mwenyewe. Mashine ya kusaga ya mtaa wa pili wanataka wawili na sumu wameapa hawatumii, nitaenda kuona. Leo nimepima kwa Mangi dukani, wateja wote wamecheka: wanne wameongeza, yule mweusi mdogo jana 120 leo 120. Analia kidogo tu. Nimfanyeje?

BintiPangani

Hakikisha ana joto kwanza, chupa ya maji ya vuguvugu ifunge na kitambaa iweke pembeni yake. Kisha watoe wenzake nusu saa, mwache peke yake kwa mama, mweke titi la nyuma kabisa, huko maziwa huwa mengi. Fanya hivyo mara nne tano mpaka usiku. Kesho asubuhi mizani isipopanda usingoje jioni, mbebe na mama yake kwa daktari. Utuambie gramu.