Afisa lishe ana haja gani na mzunguko wa Krebs?

MADA: Wakuu, msimu wa kuomba vyuo ukifika hoja hii hairukwi: eti shahada ya lishe imejaa baiokemia isiyo na kazi mtaani. Mhitimu akiajiriwa halmashauri ni vikao vya bajeti na kufundisha akina mama kupika uji. Mzunguko wa Krebs, zile hatua za seli kugeuza chakula kuwa nishati, kauacha kwenye chumba cha mtihani. Basi umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, upunguzwe, yaingie mawasiliano na mipango.

Nakataa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali amekuwa akiishi kwa kula misuli yake mwenyewe. Mshindilie chakula siku ya kwanza uone: insulini inapanda, madini ya fosfati na potasiamu yanakimbilia ndani ya seli, yanapungua kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana anaanzishiwa maziwa ya F-75, kilokalori 75 kwa mililita 100, kidogo kidogo usiku na mchana, kisha F-100 yenye nguvu zaidi baadaye. Madini ya chuma pia hapewi mwanzoni, hata akiwa na upungufu wa damu. Asiyesoma umetaboli atadhani wauguzi wana roho mbaya.

JIBU: Sawa mkuu, ila huyo ni wa wodini. Mkoani Njombe wanalima mahindi, viazi, maharage, parachichi, na bado utafiti wa 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kitaifa ni asilimia 30. Insulini imekosea wapi hapo? Mama yuko shamba tangu alfajiri, mtoto kaachiwa dada yake na uji mtupu. Hapo anatakiwa mtu wa kukaa na baba wa familia, kisha ambane diwani ile shilingi 1,000 ya lishe ambayo halmashauri hutakiwa kutenga kwa kila mtoto itoke kweli, isiishie kwenye makaratasi.

JIBU: Niko mwaka wa tatu fani hiihii. Krebs hanisumbui, kinachonisumbua ni kufundishwa peke yake. Mgonjwa wa kisukari anauliza dona au sembe, na jibu limo kwenye somo lilelile, ila hakuna aliyetuunganishia.

MADA: Mwaka wa tatu umenena. Mawasiliano ongezeni, sina ugomvi. Ila mnaotaka kupunguza nitajieni kinachofutwa: insulini? vitamini? Na kwenye wilaya yenye afisa lishe mmoja, mtoto huyo wa wodini atahudumiwa na nani?